Maji Kutoka Bombani Hadi Kikombeni

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya miteremko mikali inayoishia katika Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na umbo hilo la ardhi hueleza kwa sehemu kubwa kwa nini magonjwa ya kuhara hayakomi mitaani mwake. Mvua zinaporudi mwezi wa Septemba, maji hushuka kutoka mitaa ya Kadutu na Bagira yakipitia vyoo vya shimo na mifereji iliyoziba, kisha huingia ziwani, ambako familia nyingi huteka maji siku mabomba ya REGIDESO, shirika la taifa la maji, yanapokauka. Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni kipindupindu, unaosababishwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, ambaye huukausha mwili kwa kasi inayoweza kumuua mtu mwenye nguvu zake ndani ya saa chache. Mnamo Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliofurika Goma, kaskazini mwa ziwa hilohilo, walikunywa maji yake bila kuyatibu, na katika mwezi wa kwanza walifariki watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Kinga inayojulikana zaidi ni kuchemsha. Bukavu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, si 100, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri mwinuko unavyoongezeka. Hata hivyo joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya kuhara, mradi maji yatokote kwa dakika moja. Udhaifu wa njia hii, mbali na bei ya makaa, ni kwamba maji yaliyochemshwa hayana tena kitu cha kuyalinda: kikombe kilichoshikwa kwa mkono mchafu kikichovywa ndani ya chombo, kazi yote imepotea. Klorini, ambayo wahudumu wa afya huitia katika bidoni moja moja kando ya ziwa wakati wa mlipuko, huacha kiasi kidogo kinachoendelea kuua vijidudu hata baada ya maji kufika nyumbani, ilimradi yasubiriwe kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Maji yenye tope huidhoofisha dawa hiyo, na ndiyo maana huchujwa kwanza kwa kitambaa safi.

Kwa hiyo chombo cha kuhifadhia kina uzito sawa na dawa yenyewe. Bidoni yenye mdomo mwembamba na kifuniko, ambayo maji humiminwa bila mkono kuingia, ni salama kuliko ndoo iliyo wazi. Mikono nayo huoshwa baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula. Pasipo sabuni, majivu hufaa. Si haki kumlaumu mama anayepanda mlima na lita 20 mgongoni kwa kuyabana maji, kwani anayeyapata kwa taabu hiyo huyatunza kwanza kwa kupikia na kunywa. Mzigo huo ni wa mji mzima, si wake peke yake.

Mtu akishaanza kuharisha, hupewa mara moja maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mtoto anayenyonya huendelea kunyonyeshwa, na mgonjwa hunyweshwa kidogo kidogo njia nzima hadi kituo cha afya, hata akitapika.