KITU KITAMU KINA KIPIMO CHAKE



Kila mtu anapenda kitu kitamu. Mtoto anapenda, na mzee asiye na jino hata moja anapenda. Hata maziwa ya mama yana utamu. Kwa hiyo kupenda utamu si kosa, wala si tamaa mbaya. Tumezaliwa nao.

Makala hii haikuambii uache vitu vitamu. Idi bila kaimati na visheti si Idi. Harusi bila keki au maandazi watu watanung'unika. Lakini wazee walisema: mchovya asali hachovyi mara moja. Hapo ndipo penye kazi. Tujifunze kuchovya, kisha tujifunze kuacha.

SUKARI NI NINI?

Sukari tunayonunua dukani hutoka kwenye miwa. Hapa Tanzania kuna mashamba makubwa ya miwa Kilombero, Mtibwa, Kagera, na TPC karibu na Moshi. Kiwandani miwa hukamuliwa, maji yake huchemshwa mpaka yawe mazito, kisha hutokea chembe za sukari.

Sukari hutia mwili nguvu. Mtu aliyelima tangu alfajiri anaijua nguvu hiyo. Lakini sukari haijengi mwili. Haina kitu cha kujenga misuli wala damu. Kazi hiyo hufanywa na maharage, dagaa, maziwa, mayai, karanga na mboga. Mtoto akinywa uji wa unga na sukari tupu atashiba, lakini hatakua vizuri. Tia karanga zilizotwangwa au maziwa katika uji huo. Hapo utakuwa umempa chakula.

KIPIMO NI KIPI?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri juu ya sukari. Kwa mtu mzima wa kawaida, ushauri huo ni kama hivi: sukari ya siku nzima isifike gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai vilivyosawazishwa. Na ikiwezekana isizidi gramu 25, yaani vijiko 6. Kijiko kimoja hubeba gramu 4 hivi.

Sukari inayohesabiwa ni ile ya kutia katika chai, uji, maandazi, keki, pipi na soda. Asali nayo inahesabiwa, na pia maji ya matunda yaliyokamuliwa. Lakini tunda zima halimo katika hesabu hiyo. Embe, papai, chungwa au ndizi mbivu ina utamu wake, lakini ina nyuzinyuzi na vitamini pia. Nyuzinyuzi hushibisha, na huufanya utamu uingie mwilini polepole.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu yako. Tuseme nyumba moja ina watu 6. Kila mtu anakunywa chai mara 2 kwa siku, na kila kikombe kinatiwa vijiko 3.

Watu 6 mara vikombe 2 ni vikombe 12.
Vikombe 12 mara vijiko 3 ni vijiko 36.
Vijiko 36 mara gramu 4 ni gramu 144 kwa siku.

Kwa hiyo kilo moja ya sukari, yaani gramu 1,000, inakwisha kwa siku 7 tu. Sasa nyumba hiyo ikitumia kijiko 1 kwa kikombe, itatumia gramu 48 kwa siku. Kilo ile ile itakaa siku 20. Piga hesabu ya fedha kwa bei ya duka la kwenu. Utaona daftari la mtoto au mayai ya wiki yamo humo humo ndani ya kikombe.

Tazama tena. Mtu wa vijiko 3 mara 2 amekwisha kufika vijiko 6 kwa chai tu. Akinywa na soda je? Sasa unajua kusoma, basi soma chupa. Mara nyingi wameandika gramu za sukari zilizomo katika kila mililita 100. Ikiwa ni gramu 10, na chupa ni ya mililita 350, basi chupa nzima ina gramu 35. Hivyo ni karibu vijiko 9! Ukijumlisha na vile 6 vya chai unapata 15. Umepita hata kile kipimo kikubwa. Kama maandishi ya chupa ni ya Kiingereza, mwombe mwalimu wa kisomo akuonyeshe mstari wa sukari.

MENO HUOZAJE?

Kinywani mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hula sukari kama sisi. Vikiisha kula hutoa asidi, na asidi hiyo hula jino. Kila unapoonja kitu kitamu, asidi hufanya kazi kwa muda wa nusu saa hivi au zaidi. Kisha mate huisafisha polepole.

Sasa fikiri juu ya watoto wawili. Mmoja anakula kipande cha kashata baada ya chakula cha mchana, anakunywa maji, basi. Mwingine anamumunya pipi na ubuyu wa sukari kutwa nzima. Pengine wamekula sukari sawasawa. Lakini meno ya yule wa pili hayapati nafasi ya kupumzika. Yeye ndiye atakayelia usiku kwa jino, nawe utamchukua zahanati asubuhi badala ya kwenda shamba.

Piga mswaki mara 2 kwa siku, hasa kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi hulinda meno zaidi.

KISUKARI

Kuna watu husema, "Mimi nimerogwa, mguu hauponi." Kumbe ni kisukari. Ndani ya mwili kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini itumike. Insulini ikipungua au ikishindwa kazi, sukari hubaki kwenye damu. Muda ukipita, huharibu macho, figo, moyo na miguu.

Kuna aina ya kisukari inayowapata zaidi watoto na vijana. Hiyo haitokani na kula sukari, na mzazi asilaumiwe. Aina nyingine huwapata zaidi watu wazima. Unene na kukaa bila kazi ya mwili huiongeza. Vinywaji vya sukari, chipsi na vyakula vya mafuta mengi huleta unene huo, hasa kwa mtu asiyeshika jembe tena.

Dalili ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona. Ukiziona, nenda zahanati ukapimwe damu. Usisubiri.

Jambo moja zaidi. Mgonjwa anayetumia insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho, huenda sukari yake imeshuka mno. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe haraka chai ya sukari au soda, kisha mpelekeni kwa mganga. Hapo sukari ni dawa.

NAMNA YA KUFAIDI UTAMU

Tazama wanywaji wa kahawa wa pwani. Wanakaa barazani. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo. Kando kuna kipande cha halua au kashata. Wanauma kidogo, wanapiga funda, wanaongea. Kipande kidogo kinakaa muda mrefu. Hakuna anayebeba sinia zima. Huko ndiko kufaidi.

Nasi tufanye hivi:

1. Kula kitu kitamu baada ya chakula, si badala ya chakula.

2. Kaa chini ule polepole. Anayekula andazi huku anatembea hujikuta amemaliza, wala hakulionja.

3. Kata vipande vidogo, mgawane. Kitu kitamu ni cha watu wengi.

4. Punguza sukari ya chai kidogo kidogo. Wiki hii toa nusu kijiko, wiki ijayo nusu nyingine. Ulimi utazoea. Tia iliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai, na chai itanukia.

5. Weka matunda nyumbani. Panda mpapai karibu na bafu, upate maji ya kuoga.

6. Wakati wa kufuturu, anza na tende na maji, kisha chakula. Kaimati zije mwisho, na zihesabiwe.

7. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipewe soda wala vitu vya sukari. Na mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali hata kidogo. Asali inaweza kuwa na kijidudu kinachomdhuru mtoto mchanga.

Lipo tatizo la ugeni. Mgeni akikaribishwa husema, "Shemeji, niwekee vijiko vinne, usinibanie." Mwenye nyumba anaona haya. Dawa yake ni rahisi. Lete chai bila sukari, weka bakuli la sukari na kijiko mezani, useme, "Karibu shemeji, jipimie." Hukumnyima, wala hukumjazia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumba yako inatumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku? Kilo moja inakaa siku ngapi?

2. Kwa nini pipi ya kutwa nzima huharibu meno kuliko kashata moja baada ya chakula?

3. Taja dalili tatu za kisukari.

4. Ni matunda gani yanayopatikana kijijini kwenu mwezi huu? Je, watoto wenu wanayala, au yote yanapelekwa sokoni ili ninyi mnunue soda?