Sumu ya Mwani na Samaki Wachanga wa Ziwa George

Mto Mubuku huteremka kutoka milima ya Rwenzori, hupita Nyakalengija penye kimo cha zaidi ya mita 1,600, kisha huelekea Ziwa George. Huko juu maji ni baridi na maangavu. Huko chini ziwa ni la kijani mwaka mzima. Askari aliyepata kufanya doria Kasenyi, Hamukungu au Katunguru ameiona rangi hiyo.

Rangi hiyo ni mwani, viumbe vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake cha wastani hakifiki mita 3. Maji hayo, yakipashwa moto na jua la Ikweta na kurutubishwa na mito na samadi ya viboko, ni shamba jema la mwani. Aina mojawapo, maikrosistisi, huweza kutoa sumu iitwayo maikrosistini. Wataalamu wamekwisha kuipima sumu hiyo katika Ziwa George na Ziwa Edward.

Ngege mkubwa hula mwani huo na kuumeng'enya kwa asidi kali ya tumbo lake. Lakini yai halina kinga hiyo. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mayai ya samaki yakikaa katika sumu hiyo huweza kuanguliwa kabla au baada ya wakati wake. Vifaranga huweza kutoka wakiwa wadogo, uti wa mgongo umepinda, mfuko wa moyo umevimba na ini limeharibika. Ngege jike huatamia mayai kinywani, akayakinga na adui mwenye meno. Hata hivyo maji hayana budi kupita humo ili mayai yapate hewa.

Mwani unapokufa kwa wingi, sumu iliyokuwa ndani yake humwagika majini, na kuoza kwake humaliza hewa ya maji. Hapo samaki huweza kuonekana asubuhi wakielea.

Jambo hili lawahusu walinzi wa usalama. Mwaka 2017 askari walikabidhiwa kazi ya kusimamia sheria ya uvuvi katika maziwa ya Uganda, ili samaki wachanga wasimalizwe na nyavu haramu. Wakiona samaki waliokufa, wasiharakishe kumshika mvuvi kwa dhana ya kutia sumu. Kwanza afisa wa uvuvi aitwe, na maji yapimwe.

Tena askari ajilinde mwenyewe. Kuchemsha maji hakuiondoi sumu hii. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yaliyokuwa nayo. Basi maji yenye utando wa kijani yasichotwe kwa kunywa, na samaki atolewe ini na matumbo kabla ya kupikwa.