Stesheni Ndogo ya Redio Hufaa Watu Wake kwa Lipi?

Wako watu wengi waaminio ya kuwa stesheni ndogo ya redio hufaa watu wake kwa sababu tu ni ndogo, iko karibu nao, na husema lugha yao. Hata katika mdahalo wa shule yetu muhula uliopita jambo hilo lilisemwa na kupigiwa makofi, wala sikuona mtu aliyelipinga. Mimi nataka kulipinga hapa, maana gazeti halina kengele ya kumnyamazisha msemaji baada ya dakika tano.

Kwanza yafaa tujue stesheni ndogo ni kitu gani. Redio za zamani zilizosikika nchi nzima zilitumia masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu, yakadundishwa na tabaka la anga, yakashuka tena mahali pa mbali sana. Stesheni ndogo za siku hizi hutumia FM, ambayo mawimbi yake huenda karibu na mstari ulionyoka, kama mwanga wa taa, wala hayana desturi ya kupanda mlima na kushuka upande wa pili. Kwa hiyo mlingoti ukisimamishwa juu ya kilima kirefu, mtambo wenye nguvu kidogo huweza kusikika mwendo wa kilomita 50. Ukisimamishwa bondeni, hata mtambo wenye nguvu nyingi utaishia ubavuni mwa mlima wa kwanza. Kwetu magharibi ya Uganda vilima ni vingi. Vijiji viwili vilivyotengwa na kilima kimoja huweza kusikiliza stesheni mbili mbalimbali, kila kimoja kikadhani habari za mwenzake ni za nchi nyingine. Basi ukaribu wa stesheni ndogo na watu wake ni jambo la mawimbi na vilima. Hautoki katika wema wa mtu yeyote.

Stesheni za kwanza za watu binafsi zilianza kusikika Kampala mwishoni mwa mwaka 1993, na tangu hapo zimeota kama uyoga, hata mji mdogo wenye soko na kituo cha mabasi huenda ukawa na yake. Mahali pasipo stesheni utaona vipaza sauti vimefungwa juu ya nguzo sokoni, na mtu mmoja kibandani akitangaza mbuzi aliyepotea, mazishi ya kesho, na duka lililoleta mabati mapya. Walio jirani na nguzo hiyo hawapati usingizi baada ya alfajiri, lakini hayo ni mashauri yao na mwenye kibanda.

Sasa nitoe hoja yangu. Mwezi wa Julai 1993, katika nchi jirani ya Rwanda, stesheni iitwayo RTLM ilianza kutangaza kutoka Kigali. Redio ya serikali ilisema kwa sauti ya ofisini. Hii mpya ilisema Kinyarwanda cha mitaani, ikapiga muziki uliopendwa na vijana, watangazaji wake wakafanya mzaha, na wasikilizaji wakapiga simu wakasikika hewani. Haikuwa ndogo kama stesheni za vijijini, lakini ilikuwa na kila sifa tuliyoipigia makofi katika mdahalo wetu. Ilikuwa karibu, ilikuwa na lugha, ilikuwa na watu. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, ilitaja watu kwa majina yao, na mahali walipojificha, na hata namba za magari yao, ili wauaji wawapate. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu wanaokadiriwa kufika 800,000. Mwezi wa Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wa stesheni hiyo, na ingawa rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, haikuwaachilia.

Mtu atasema, "Hiyo ilikuwa stesheni ya waovu, na sisi twazungumza juu ya stesheni za kawaida." Nami namjibu ya kuwa waovu hao walitumia vyombo vilevile tunavyovisifu. Kama kusema lugha ya watu na kuwachekesha kungetosha kuifanya redio ifae, ile ingefaa kuliko zote. Ilikosa kitu gani, basi? Naona ilikosa hiki: mtu aliyetajwa katika redio ile hakuwa na njia ya kujibu. Aliyependa aliongea, aliyechukiwa alisikia tu. Ndiyo sababu siku hizi nikisikia stesheni inasifiwa, siulizi ni wangapi waipendao. Nauliza ni nini humpata mtu anayetajwa vibaya humo.

Ng'ambo ya mto Kagera, katika wilaya ya Ngara ya Tanzania, ndiko walikokimbilia Wanyarwanda kwa malaki mwaka huohuo wa 1994. Mwaka uliofuata shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha huko Radio Kwizera. Kwizera ni tumaini, kwa Kinyarwanda na kwa Kirundi pia. Fikirini kazi ile: kuwasemesha watu waliofikishwa hapo kwa sehemu na maneno ya redio, nao waamini redio nyingine. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini stesheni haikufungwa. Iliendelea kuwatangazia Warundi waliokuwapo na wenyeji wa Ngara wenyewe, ambao walikuwa wamekaa miaka miwili na wageni wengi kuliko wao.

Mfano mwingine ni wa kwetu Uganda, tena ni wa furaha kidogo. Katika nchi ya Waacholi vita vya waasi wa LRA vilidumu karibu miaka 20, na watoto kwa maelfu waliibwa wakafanywa askari. Sheria ya msamaha ilipitishwa mwaka 2000, lakini vijana walioko porini waliambiwa na wakubwa wao ya kuwa ahadi hiyo ni mtego, na kwamba kila arudiye huuawa. Mwaka 2002 ilifunguliwa mjini Gulu stesheni iitwayo Mega FM, kwa msaada wa Uingereza. Katika kipindi chake kiitwacho Dwog Paco, yaani rudi nyumbani, waliorudi waliletwa mbele ya kipaza sauti, wakataja majina yao na kuwasalimu wenzao waliobaki. Porini zilikuwako redio ndogo. Kijana aliyeambiwa kuwa mwenzake ameuawa akaisikia sauti yake, na sauti ya mtu uliyelala naye njaa huwezi kuikosea. Redio ya Kampala ingeweza kutangaza sheria ile mchana na usiku isiaminiwe. Hapo ndipo ukaribu ulipofaa kweli: msikilizaji aliweza kuupima ukweli kwa masikio yake mwenyewe.

Na lugha je? Lugha ina shida yake. Kagadi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibaale na tangu 2016 ni wilaya peke yake, ni nchi ya Wanyoro, lakini watu wengi wamehamia huko kutoka Kigezi na sehemu nyinginezo. Mwaka 2002 palikuwa na ugomvi mkubwa juu ya uchaguzi wa mwenyekiti wa wilaya, kwa kuwa aliyeshinda alihesabiwa kuwa mtu wa wahamiaji. Mahali kama hapo stesheni isemayo lugha moja tu huwa kama ua: walio ndani hujiona wenyeji, walio nje husikia kelele wasizozielewa na kudhani wanasengenywa. Kagadi-Kibaale Community Radio, iliyoanzishwa mwaka 2000 na shirika la URDT, hutangaza kwa lugha kadhaa, na za wahamiaji zimo. Mimi naona huu ni uamuzi wa busara kuliko mtambo wowote mpya, ijapokuwa najua Mnyoro mmoja, babu yangu, ambaye huizima redio yake kila zamu ya lugha nyingine inapofika, ati kulinda betri.

Sasa niseme juu ya jambo lililonipata karibu zaidi. Mwaka juzi stesheni moja, ambayo sitaitaja jina, ilisoma tangazo baada ya habari za jioni ya kuwa baba yangu mdogo ametoroka na fedha za wakulima wa kahawa, na mtu atakayemwona ampeleke polisi. Tangazo lilikuwa limelipiwa na mtu waliyekuwa na ugomvi naye. Baba mdogo hakuwa ametoroka. Alikuwa Kampala, hospitali, akimwuguza mkewe, na fedha zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa wakulima mbele ya mashahidi. Aliporudi alikwenda kwenye stesheni kuwaomba wasahihishe. Walikuwa wapole sana. Walimpa kiti, wakamwambia ya kuwa tangazo la kusahihisha lina bei ileile ya tangazo lolote. Akalipa. Likasomwa Jumatano saa nane mchana, wakati ambapo kila mtu yuko shambani au amelala kwa joto.

Shutuma ilisikika na wilaya nzima. Masahihisho yalisikika na mwenye duka la dawa, ambaye huacha redio wazi mchana kutwa. Msimu ule wakulima walipeleka kahawa yao kwa mnunuzi mwingine. Baba mdogo ndiye anilipiaye ada, na muhula uliofuata nilifika shuleni majuma matatu baada ya wenzangu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na sioni kuwa watangazaji wale walikuwa watu wabaya. Walikuwa na karatasi ya bei ukutani, nao waliifuata. Hawakuwa na kanuni nyingine.

Ndipo tunapofika kwenye fedha. Stesheni ndogo hula umeme, na umeme ukikatika hula dizeli. Radi nayo, ambayo huku kwetu ni nyingi mno, huutafuta mlingoti kuliko mti wowote, na mtambo ukiungua fundi hutoka mbali. Watangazaji wengi ni vijana wa kujitolea ambao hupewa posho kidogo, na wakiisha kujua kazi huhamia miji mikubwa. Gharama hizi hulipwa na nani? Wengine hulipiwa na mwanasiasa mwenye stesheni, ambaye mpinzani wake hapati hata salamu. Wengine huishi kwa waganga watangazao dawa za kurudisha waume waliopotea na kazi zilizopotea. Wafadhili nao huja na mambo yao: mwaka huu malaria, mwaka ujao miti, na mtangazaji hujifunza kuipenda mada iliyolipiwa. Mimi naziamini zaidi fedha ndogo ndogo za watu wengi, matangazo ya mazishi, harusi, mbuzi na mikutano, kwa kuwa hapo hakuna mtu mmoja ambaye hasira yake yaweza kuzima mtambo.

Serikali pia huweza kuuzima. Katika Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, stesheni ndogo ya Homa Bay ilianzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikitangaza kwa Kijaluo kwa gharama ndogo sana. Ilikuwa miongoni mwa stesheni za kwanza za namna hiyo katika Afrika. Mwaka 1984 serikali ileile iliyokubali ifunguliwe iliifunga. Watu wa Homa Bay waliipoteza kwa sababu haikuwa yao. Walikuwa wasikilizaji tu wa kitu cha wengine.

Mwezi wa pili mwaka huu chama chetu cha midahalo kilitembelea stesheni nyingine, tofauti na ile ya baba mdogo. Chumba cha kutangazia si kikubwa kuliko bweni la viranja, na kuta zake zimefunikwa kwa trei za mayai ili sauti isirudi. Wenzangu walitaka kujaribu vipaza sauti. Mimi nilivutwa na daftari lililokuwa mezani karibu na mlango, limefungwa kwa kamba ili lisichukuliwe. Kila asikiaye kosa, au ajuaye ya kuwa ametajwa isivyo haki, huja akaandika humo, na asiyejua kuandika huandikiwa na bawabu. Halipiwi kitu. Msimamizi alituambia ya kuwa lililoandikwa huchunguzwa siku hiyohiyo, na likiwa kweli husomwa katika saa ileile ambayo kosa lilitangazwa.

Nilifungua kurasa za mwisho. Mama mmoja alikuwa ameandikiwa kwamba bei ya maharage iliyosomwa Jumatatu ni ya soko la mjini, na anayeifuata atapata hasara ya nauli. Chini yake mzee mmoja alilalamika ya kuwa jina la kijiji chake limetamkwa vibaya mara tatu juma hilo, na akaonyesha kwa alama mahali pa kukaza sauti. Pembeni palikuwa na maneno ya mtangazaji kwa wino mwekundu: "Limesomwa sawasawa, saa moja jioni, mara tatu."