Siku Tulipoiona Bahari

Ndugu msomaji, huenda wewe u mtu wa bara kama mimi. Umezaliwa kati ya miembe na mashamba ya tumbaku, na maji unayoyajua ni ya kisima, ya bwawa, na ya mto unaokauka kila kiangazi. Bahari umeiona katika ramani ukutani mwa darasa tu, mwalimu akiionyesha kwa fimbo. Mimi nami niliijua hivyo. Tena nilipokuwa mwalimu, kabla sijawa karani wa parokia, niliifundisha hivyo kwa miaka sita. Nilichora dunia na mwezi ubaoni, nikaeleza jinsi maji yanavyokupwa na kujaa, watoto wakaandika, na katika mtihani wakajibu vizuri. Leo nataka kukusimulia yaliyompata mwalimu huyo siku alipofika pwani mwenyewe. Huenda yakakufaa wewe au watoto wako.

NENO LILILOMKAA MZEE MOYONI

Baba yangu ana umri wa miaka 76, ni Mnyamwezi wa huku Tabora. Babu yake alikuwa mpagazi. Nawe wajua kwamba kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo yote ya bara ilisafiri mabegani mwa watu. Mtu mmoja alichukua kiasi cha kilo 30, na safari ya kutoka kwetu hadi Bagamoyo ilichukua miezi miwili, hata mitatu. Wazee wetu waliiona safari hiyo kuwa jando la namna yake: kijana asiyefika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili, na hata kuoa kwake kulikuwa na maneno.

Babu huyo alifika pwani mara tatu. Jioni motoni aliwaambia wajukuu mambo mawili. La kwanza, kwamba maji yale ni mengi kuliko mbuga zote za Unyamwezi, lakini hata mbuzi hawezi kuyanywa. La pili, kwamba maji yale huondoka yakaenda zake, kisha hurudi yenyewe bila mtu kuyaita, kama ng'ombe watokao malishoni.

Baba, akiwa mtoto wa miaka minane au tisa, aliliamini la kwanza. La pili alilikataa. Alisema mbele ya wenzake, "Babu, huo ni uongo." Watoto wakacheka. Mzee hakumkemea. Alinyamaza, na tangu siku hiyo hakusimulia tena habari za pwani. Hazikupita mvua nyingi akafariki.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilimwonyesha baba kitabu, nikamwambia, "Baba, babu alisema kweli." Akanijibu, "Kitabu si macho, mwanangu." Basi mpwa wangu alipofunga ndoa Dar es Salaam, baba alikubali kwenda harusini kwa sharti moja, kwamba nimpeleke Bagamoyo. Tulipanda basi hadi Dodoma, kisha tukapanda treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria wa njia hiyo mwaka 2024. Njia aliyotembea babu kwa miezi, sisi tuliimaliza kwa muda usiozidi siku mbili, tukiwa tumekaa kitini.

BAHARI IKO WAPI?

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Tulifika ufukweni yapata saa nne asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kumwona baba akistaajabu. Lakini mbele yetu hapakuwa na maji. Palikuwa na mchanga na matope, uwanja mpana wenye vidimbwi, na ngalawa zimelala ubavu kama mbuzi waliochoka. Mbali sana kulikuwa na mstari mweupe.

Baba alitazama kitambo, kisha akasema, "Kumbe nayo imekauka, kama bwawa letu?"

Nilicheka, nikamweleza yale ya ubaoni. Nayo ndiyo haya, msomaji. Mwezi huivuta bahari, na jua nalo husaidia kidogo. Kwa kuwa dunia yajizungusha, maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Ndiyo maana kila siku saa za maji husogea mbele: yakijaa leo saa tisa kamili, kesho yatajaa karibu na saa kumi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja. Maji hupanda sana na kushuka sana, na watu wa pwani huyaita maji ya bamvua. Kwenye pwani yetu, tofauti ya maji makubwa na madogo siku hizo huweza kupita mita tatu, yaani urefu wa nyumba hadi kwenye paa. Mwezi ukiwa nusu, mabadiliko ni madogo, nayo huitwa maji mafu.

Yote hayo nilimweleza baba nikiwa nimesimama kama niko darasani. Nilisahau kujiuliza jambo moja tu: mwezi ulikuwa mpevu lini? Ulikuwa mpevu juzi yake.

TULIVYOKARIBIA KUANGAMIA

Baba alivua viatu akaanza kuyafuata maji huko yaliko. Nilimfuata. Tulipita kwenye bonde dogo lenye maji ya kifundo cha mguu, tukapanda fungu la mchanga, tukaenda mbele zaidi. Kulikuwa na kaa wadogo wakikimbilia mashimo yao, na makome ya kila namna. Kando yetu wanawake walikokota vitambaa majini kutafuta uduvi. Hatimaye baba alifika penye mawimbi. Akainama, akachota maji kwa kiganja, akanywa. Uso wake ulikunjamana. Akatema, akafuta mdomo, akasema, "La kwanza ni kweli."

Tulikaa hapo tukizungumza. Aliniuliza chumvi hiyo yatoka wapi, nami nilimweleza kwamba mito hulamba chumvi ya mawe na ya udongo, kidogo kidogo, ikaipeleka baharini. Jua hupandisha maji yakawa mawingu, lakini chumvi haipandi, hubaki. Hata sasa katika lita moja ya maji ya bahari mna chumvi ya kiasi cha gramu 35. Akauliza kama chumvi ya Tabora nayo imo. Nikamjibu kwamba mito mingi ya kwetu huingia Malagarasi, nayo Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo hutoa maji yake kwa mto Lukuga hadi mto Kongo. Kwa hiyo mvua yetu huishia bahari nyingine, ile ya Atlantiki, upande wa pili wa Afrika. Jambo hilo lilimpendeza sana, na hivyo tukakaa zaidi.

Ghafula tulisikia mwanamke akiita, "Nyie wageni! Rudini! Maji yanajaa!"

Niligeuka. Mbele yetu mawimbi hayakuwa yamesogea sana. Lakini nyuma yetu, lile bonde dogo tulilolipita likiwa na maji ya kifundo, lilikuwa limekuwa mto. Hapo ndipo kosa langu lilipo, nawe lishike sana. Mtu wa bara hudhani maji ya bahari yatakuja kutoka mbele, naye atayaona yakija. Sivyo. Maji hutafuta kwanza mahali pa chini, kama yafanyavyo kwenye makorongo yetu. Wewe umesimama juu ya fungu la mchanga, miguu mikavu, umeridhika, kumbe njia ya kurudia imekwisha kufungwa nyuma yako.

Tulikimbia. Mzee wa miaka 76 hakimbii katika mchanga laini. Tulipoingia bondeni maji yalinifika mapajani, kisha kiunoni, na mkondo ulitusukuma kwa ubavu. Baba hajui kuogelea, wala mimi. Viatu alivyovishika vilichukuliwa. Nilimshika mkono nikataka kwenda moja kwa moja kuelekea ufukweni, kwa kuwa niliuona karibu. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kutufikia. Akaniambia kwa ukali, "Si huko, huko kuna kina! Nifuateni." Akamshika baba mkono wa pili, akatupitisha kwa kuzunguka, mahali ambapo mimi niliona ni mbali zaidi, na maji yakashuka hadi magotini.

Tulipofika pakavu alitua ndoo yake ya uduvi, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee wangu. Poleni sana." Baba akaitika, "Marahaba, mwanangu," na sauti ilimtetemeka. Nilitaka kumpa mama yule fedha, akakataa. Alisema tu, "Siku nyingine ulizeni kwanza. Sisi tunaulizana kila siku, na tumezaliwa hapa."

Ndugu msomaji, nina cheti cha ualimu. Mama yule hakuniambia kama amesoma. Lakini kwa habari ya kupwa na kujaa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

LA PILI NI KWELI

Nguo zilipokauka tulikwenda misheni. Yafaa ujue kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja, nao walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Ufukweni upo msalaba unaokumbusha kufika kwao, na mwaka 2018 Kanisa liliadhimisha hapo miaka 150. Ni katika misheni hiyo mwili wa David Livingstone ulilazwa mwezi Februari mwaka 1874. Chuma na Susi na wenzao waliubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, wakapitia kwetu Unyanyembe. Nao Mapadre Weupe waliotuletea dini huku Tabora waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, wakiwa na wapagazi. Basi imani yetu nayo ilikuja kwa njia ile ile ya mizigo.

Jina la Bagamoyo watu hulieleza kwa namna mbili. Wengine husema ni mahali ambapo mpagazi alibwaga mzigo, moyo wake ukapumzika. Wengine husema ni mahali ambapo mtumwa, akiiona bahari na chombo kinachomngojea, alibwaga moyo wake huko huko nchi kavu, kwa kuwa hakutumaini kurudi. Fikiri jambo hilo. Bahari ile ile, mchanga ule ule. Mmoja aliiona mara ya kwanza akaimba, mwingine aliiona mara ya kwanza akalia.

Yapata saa kumi tulirudi ufukweni. Mahali tuliposimama asubuhi pakavu, maji yalikuwa yamefika. Ngalawa zilizolala zilikuwa zimesimama zikichezacheza. Fungu la mchanga tulilokalia halikuonekana kabisa. Palikuwa na maji tu, hadi macho yanapokoma, kuelekea Unguja, na kuelekea India ng'ambo ya mbali. Maji hayo hayakuwa ya samawati kama ya ramani. Yalikuwa na wekundu wa udongo, kwa kuwa mto Ruvu humwaga maji yake karibu na hapo. Bahari hiyo ya Hindi ni kubwa mara 70 na zaidi kuliko Tanzania yetu nzima.

Baba alivua kofia. Alisimama peku, kwa kuwa viatu vilikuwa vimekwenda. Akasema kwa Kinyamwezi maneno ambayo nayaandika hapa kwa Kiswahili: "Babu, la pili ni kweli. Nisamehe." Kisha akafanya ishara ya msalaba. Sikumwambia neno. Miaka karibu 70 alikuwa amebeba mzigo ule, na hapo ndipo alipoutua.

MASHAURI KWA WASAFIRI

Msomaji mpendwa, ukijaliwa kwenda pwani, hasa ukiwa na watoto, shika mambo haya machache.

Kwanza, kabla ya kukanyaga mchanga, mwulize mvuvi au mama wa pwani: maji yanakupwa au yanajaa? Yatageuka saa ngapi? Wala usione haya kuuliza.

Pili, angalia mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo, jihadhari zaidi.

Tatu, usiende mbali kwenye mafungu ya mchanga bila mwenyeji. Na ukiwa huko, tazama nyuma yako mara kwa mara.

Nne, vaa viatu vyepesi miguuni, wala usivishike mkononi. Penye miamba na majani ya baharini mna miiba ya nungu wa bahari.

Tano, usimwache mtoto peke yake hata penye maji ya magoti. Wimbi humvuta anapodhani anacheza.

Na la mwisho ni la nyumbani. Mzee wako akikusimulia jambo usilolijua, usifanye haraka kusema ni uongo. Wewe hukufika alikofika. Msikilize, muulize, na uyaweke maneno yake. Yawezekana siku moja utasimama mahali aliposimama, nawe utayakuta ni kweli, lakini yeye hatakuwapo umwambie.

Baba alirudi Tabora na chupa ndogo ya maji ya bahari. Wajukuu wameyaonja wote, wametema wote. Jioni huwaambia habari za maji yanayoondoka na kurudi. Juzi mdogo wao, wa miaka saba, alimtazama akasema, "Babu, haiwezekani." Baba alicheka sana, akamjibu, "Vema. Ukikua, nenda ukaone. Lakini uulize kwanza."