Rangi Mpya, Simu Ile Ile: Kuondoa Mikwaruzo na Kupaka Rangi Simu ya Kikundi



Tukitembelea vikundi vya kujisaidia upande huu wetu wa Amagoro, Malaba na Busia, tumezoea kukuta vitu vitatu mezani kwa mweka hazina: kitabu cha hesabu, sanduku lenye kufuli, na simu. Siku hizi simu hiyo ndiyo inafanya kazi kushinda sanduku. Tangu M-Pesa ianze hapa Kenya mwaka 2007, na huduma kama hiyo ianze kwa jirani zetu wa Uganda mwaka 2009, michango mingi hupita huko.

Kikundi kimoja cha akina mama kilituuliza swali. Simu yao ni ile ndogo ya vibonyezo, mulika mwizi. Imekwaruzika pande zote, rangi imebambuka, hata namba kwenye vibonyezo hazisomeki vizuri. Wengine walitaka inunuliwe mpya kwa pesa ya mzunguko. Wengine wakasema ipelekwe kwa kijana anayepuliza rangi pikipiki, aipulize pia. Mama mweka hazina akatugeukia: "Sasa nyinyi mnaonaje?"

Jibu letu ni hili. Kama simu inapiga, inasikika na inashika chaji, msinunue nyingine kwa sababu ya sura. Sura hutengenezwa kwa kazi ya siku mbili na pesa kidogo. Lakini kumbukeni kwamba rangi hutengeneza sura peke yake, haitengenezi simu. Mwenye kusahau hilo atapoteza pesa, ama atawapotezea wengine.

KWA NINI SIMU ZETU HUKWARUZIKA UPESI

Mtu hufikiri ni kwa sababu simu ilianguka. Mara nyingi sivyo. Barabara zetu nyingi ni za murram, na kiangazi vumbi huingia kila mahali. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga, na chembe hizo ni ngumu kuliko plastiki, hata kuliko kioo cha kawaida. Simu ikikaa mfukoni pamoja na vumbi, funguo na sarafu, kila hatua unayotembea ni kama kuipiga msasa. Mwenye bodaboda ndiye huumia zaidi. Jasho la mkono nalo hulegeza rangi pembeni, kisha rangi inaanza kubambuka.

KWANZA JUA NI MKWARUZO GANI

Futa simu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, halafu pitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo.

- Ukucha ukipita bila kukwama, huo ni mkwaruzo mdogo. Kwenye plastiki unaweza kusuguliwa ukaisha.
- Ukucha ukikwama, huo ni mkwaruzo wa kina. Hapo ni msasa na rangi.
- Ukiona ufa, hiyo si kazi ya rangi. Ufa huingiza maji na vumbi. Badilisha kifuniko.

Kioo cha mbele kina mambo yake. Simu nyingi za vibonyezo zina kioo cha plastiki, na hicho husuguliwa. Simu za kugusa huwa na kioo kabisa. Mkwaruzo wa kina kwenye kioo hauondoki kwa dawa ya meno wala kwa majivu, hata mtu akikuapia. Ukiendelea kusugua utaondoa ule utelezi unaozuia alama za vidole, na mkwaruzo utabaki pale pale.

KABLA YA KUSHIKA MSASA

Zima simu. Toa betri, laini na kadi ya kumbukumbu.

Tusimame kidogo hapa kwa laini. Wengi huamini pesa ya kikundi iko ndani ya simu. Haiko. Pesa iko kwenye akaunti ya kampuni ya mtandao, na hufunguliwa kwa laini pamoja na namba ya siri. Kwa hiyo simu ikienda kwa fundi, iende bila laini. Laini ibaki kwa mweka hazina. Namba ya siri haiendi popote, na isiandikwe ndani ya kifuniko cha simu kama tulivyoona mahali fulani. Fundi akisema anahitaji laini ili ajaribu simu, aijaribu na yake.

MIKWARUZO MIDOGO

Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ile inayoonekana kama jeli. Weka kiasi cha punje ya mahindi kwenye kitambaa cha pamba. Sugua plastiki kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza, dakika mbili hivi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, angalia. Rudia mara mbili au tatu. Usipake karibu na matundu ya kusikizia, ya kuongelea na ya kuchajia, maana dawa ikikauka humo sauti itafifia. Simu nyingi zinahitaji hayo tu, na ukiridhika, acha hapo.

KUPAKA RANGI

Kazi hii ni ya simu ambayo kifuniko chake kinatoka. Simu za kugusa za siku hizi nyingi zimegundishwa kwa gundi. Kuzifungua kunahitaji joto na ustadi, na betri yake ikitobolewa au kukunjwa inaweza kushika moto. Za namna hiyo msizifungue. Ivisheni kava, yatosha.

Vifaa: msasa wa maji, yaani sandpepa, namba 400, 800 na 1000, sabuni ya kuoshea vyombo, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, andakoti ya kopo inayofaa plastiki, rangi ya kupuliza ya kopo, vanishi ya klia ya kopo, na kartoni kuukuu. Vyote hupatikana kwenye hadiwea.

1. Toa kifuniko kabisa kwenye simu. Tunapaka kifuniko, hatupaki simu. Kama kuna skrubu, zipange kwenye karatasi jinsi zilivyokuwa, maana si zote zina urefu sawa.

2. Osha kifuniko kwa maji na sabuni, suuza, kikauke. Mafuta ya mkono yakibaki, rangi haitashika.

3. Lowesha msasa namba 400 na usugue palipobambuka mpaka ukingo wa rangi ya zamani usisikike kwa kidole. Fuata na 800 kifuniko chote. Si lazima rangi ya zamani iishe. Inatosha ing'ae ipotee, iwe kama ubao. Osha tena, kausha.

4. Ziba kwa tepu matundu yote, kioo cha kamera, na zile pembe ndogo za ndani zinazoshikana na simu. Rangi ikijaa kwenye pembe hizo, kifuniko hakitafunga tena.

5. Jaribu rangi kwanza upande wa ndani, pahali padogo, uache hadi kesho yake. Kuna rangi ambazo thina yake hula plastiki ikakunjamana au kupasuka. Afadhali ujue hapo ndani kuliko nje.

6. Puliza andakoti nyembamba. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, ukipita upande mmoja hadi mwingine bila kusimama. Ikikauka, ipitishie msasa namba 1000 kidogo sana, ufute vumbi.

7. Puliza rangi mara mbili au tatu, kila mara nyembamba, ukingoja dakika 10 hadi 15 katikati. Kosa la wengi ni kutaka rangi ienee kwa mara moja. Rangi nene hutiririka, na ndani hubaki mbichi.

8. Malizia kwa vanishi mara mbili. Hiyo ndiyo inazuia jasho na mikwaruzo mipya. Acha siku nzima kabla ya kushika, na ikiwezekana siku mbili kabla ya kurudisha simu mfukoni.

Fanyeni kazi hii asubuhi umande ukishakauka. Huku kwetu mvua hupenda kuja alasiri, na rangi ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu hutoka na ukungu mweupe. Msikaushe karibu na jiko wala juu ya mabati ya moto, maana plastiki itajikunja.

Rangi za kung'aa kama fedha au dhahabu ziepukwe. Nyingi zina unga wa madini ndani yake, na madini yakifunika sehemu ya antena, mtandao unaweza kupungua. Kule vijijini ambako mtandao ni wa kutafuta na kupanda kilima, hiyo ni hasara.

TAHADHARI

Hewa ya rangi na thina ni mbaya kwa mapafu na hushika moto haraka. Pulizeni nje, si ndani ya nyumba. Vaa barakoa au kitambaa, ingawa kitambaa hakizuii mvuke wote. Pasiwe na jiko, sigara wala kibatari karibu. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali. Petroli na asetoni, ile ya kuondoa rangi ya kucha, zisitumike kusafisha plastiki. Zitaiyeyusha.

RANGI ISIWE YA KUDANGANYA

Hapa tuna la kuungama. Sisi wenyewe tuliwahi kununua simu ya mkono wa pili karibu na mpaka kwa kazi ya kutembelea vikundi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, muuzaji akasema imetumika miezi miwili tu. Baada ya wiki tatu rangi ikaanza kubambuka kwa jasho la mkono, na chini yake kukaonekana buluu iliyojaa mikwaruzo. Halafu ikakataa chaji. Fundi alipoifungua, ndani mlikuwa na kutu ya kijani. Kumbe ilishaingia maji zamani. Tulikuwa tumenunua rangi.

Kwa hiyo, kabla kikundi hakijanunua simu iliyotumika, angalieni haya:

- Vichwa vya skrubu. Vikiwa vimekwaruzwa, simu imefunguliwa.
- Rangi ndani ya matundu, au harufu ya rangi.
- Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya simu hiyo yenye tarakimu 15. Toa betri uone karatasi iliyo chini yake. Namba hizo mbili lazima zifanane. Zikitofautiana, au karatasi imebanduliwa, acheni.
- Piga, pigiwa, chaji, washa tochi, mbele ya muuzaji.
- Ombeni risiti yenye namba ile ya tarakimu 15 na jina la muuzaji.

Namba hiyo si jambo dogo. Mwisho wa Septemba 2012 simu bandia, zile zisizo na namba halali, zilizimwa kwenye mitandao ya Kenya. Watu waliamka simu zikiwa bubu, hata zile zilizopendeza. Na simu ya wizi ikipakwa rangi inabaki ya wizi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kujua, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kuvuka nayo mpaka hakuisafishi.

JE, VIJANA WANAWEZA KUIFANYA BIASHARA?

Wanaweza, wakianza polepole. Kopo moja hupaka vifuniko vingi, kwa hiyo hesabu nzuri ni ya kushirikiana. Tuseme vifaa vyote vimegharimu shilingi 1,000 na vimepaka simu 10. Kila simu imekula shilingi 100. Bei itoke hapo, pamoja na jasho la mfanyakazi. Lakini ulizeni kwanza bei ya kifuniko kipya kwa mafundi wa simu. Kwa aina zinazopatikana sana, kasha zima pamoja na vibonyezo linaweza kuwa rahisi kuliko rangi.

Tena wawe na daftari: tarehe, jina la mwenye simu, namba ya tarakimu 15, na kazi iliyofanywa. Asiyetaka namba yake iandikwe, aende na simu yake. Na mwanakikundi akiuza simu iliyopakwa, amwambie mnunuzi wazi: hii imepakwa rangi. Bei itashuka kidogo, lakini kesho mtasalimiana sokoni bila kukwepana.

Wale akina mama tuliowataja mwanzoni walifanya hesabu yao. Kwa kuwa vibonyezo navyo vilikuwa vimeisha, walichagua kasha jipya, wakabakisha pesa ya mzunguko. Simu ni ile ile, na mweka hazina sasa anaziona namba vizuri wakati wa kutuma. Hiyo ndiyo faida ya kweli, maana kukosea tarakimu moja ni kumtumia mgeni pesa ya kikundi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Simu ya kikundi chetu inahitaji nini hasa: kusuguliwa, kupakwa, kasha jipya, au kuachwa ilivyo?
2. Nani hukaa na laini, na nani anaijua namba ya siri? Je, mpango huo unatosha?
3. Namba ya tarakimu 15 ya simu yetu imeandikwa kwenye kitabu cha kikundi? Kama bado, iandikwe leo kabla ya kufunga mkutano.