Mabinti Wadogo na Siku ya Mwaka Makunduchi

Sherehe ya Mwaka Kogwa, ambayo wakaazi wa Makunduchi, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, huifanya kila Julai kuukaribisha mwaka mpya, imeelezwa mara nyingi kwa upande wake unaoonekana uwanjani, yaani wanaume wanaopigana kwa mapande ya migomba na kibanda cha makuti kinachotiwa moto, na imeelezwa kidogo mno kwa upande wa nyumba zinazoilisha, zinazoivisha na zinazoiimbia. Ndani ya nyumba hizo mtoto wa kike wa miaka 5 au 8 ana nafasi yake na kazi yake, na anayetaka kujua kwa nini sherehe hii imedumu ilhali nyingine za aina yake zimefifia katika sehemu kubwa ya pwani, hana budi kuanzia huko ndani, siku kadhaa kabla ya ngoma na mayowe.

Mwaka unaokaribishwa si wa Hijria wala si wa Miladi. Ni mwaka wa Nairuzi, jina lililotoka Uajemi, wenye siku 365 kamili na usiokuwa na siku ya nyongeza kila baada ya miaka 4. Wakulima na mabaharia wa Uswahilini walizihesabu siku zake kwa miongo, yaani makumi, kuanzia Siku ya Mwaka, ili wajue wakati wa kupanda na wakati wa pepo za kaskazi na kusi kupokezana. Kukosekana kwa siku ile moja kunaufanya mwaka huu urudi nyuma polepole ukilinganishwa na kalenda ya Miladi, na ndiyo sababu mwishoni mwa karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia Agosti, nayo sasa huangukia Julai. Kogwa ni kuoga, kwa maana watu wa pwani walikuwa wakiingia baharini kuuoga mwaka, wakiacha majini mabaya ya mwaka uliopita, na ingawa baadhi ya wanazuoni wa dini wamekuwa wakiitilia shaka sherehe yenye asili iliyoutangulia Uislamu, familia za Makunduchi, ambazo ni za Kiislamu na hazikosi sala tano, zimeendelea kuihesabu kuwa mali yao.

Kwa Unguja Julai ni kipupwe: masika yamekwisha, kusi linavuma, na usiku mtu hutafuta shuka la kujifunika. Kwa Maskati, Dubai na London huo ndio wakati wa majira ya joto na wa likizo ndefu za skuli, na kwa hiyo familia za Kizanzibari zilizotawanyika huko hufunga safari na watoto wao wakati uleule ambao Makunduchi inajiandaa kwa Mwaka. Nyumba ya bibi, ambayo miezi mingine ina watu watatu au wanne, hujaa binamu wanaolala safu moja mkekani, wengine wakiwa hawajapata kuonana ila katika simu.

Maisha ya kila siku yanayotangulia sherehe ndiyo yanayoipa umbo. Mtoto wa kike wa Makunduchi huenda skuli kwa zamu yake na chuoni, yaani kwenye darasa la Kurani, kwa zamu nyingine, na kati ya zamu hizo humfuata mama au bibi katika kazi ambazo kalenda yake haiko ukutani bali baharini. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapokupwa sana karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, akina mama hushuka pwani kutafuta pweza au kuhudumia mashamba ya mwani, kilimo kilichoenea pwani ya mashariki ya Unguja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kilichowapa wanawake wengi fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza, fedha ambazo sehemu yake, kila Julai inapokaribia, huishia dukani kwa muuza vitambaa. Bahari ikijaa, kazi huhamia barazani, na hapo ndipo mtoto anapoanza kujifunza ukili.

Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa majani yaliyochanwa, hasa ya ukindu, na ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka, au huzungushwa ukawa kawa, kile kifuniko cha chakula chenye ncha juu. Majani hukaushwa juani, mengine hutiwa rangi kwa kuchemshwa, kisha huchanwa kwa upana ulio sawa, na kazi hiyo ya kuchana, ambayo mgeni huidharau, ndiyo inayoamua kama ukili utakaa sawa au utapinda. Bibi humwanzishia mjukuu kwa mianzo michache, akamwachia, akaendelea na wake huku jicho moja likiwa kwenye vidole vya mtoto. Ukipinda humfumulia bila ya kumkaripia na kumrudishia. Mtoto wa miaka 6 aliyefumuliwa mara kadhaa kwa alasiri moja hujifunza subira ambayo hakuna aliyemhutubia, na inapofika siku ya kulifunika sinia la wageni kwa kawa iliyotoka katika mikono ya nyumba ile, huweza kuonesha kwa kidole ni duru ipi aliyoisuka yeye.

Siku za mwisho kabla ya Mwaka ni za nguo, nywele na hina. Nguo hushonwa sare, yaani kitambaa cha aina moja kwa dada, binamu na mara nyingine mama zao, na wakubwa hununua doti mpya za kanga, doti ikiwa ni jozi ya kanga mbili zisizokatwa bado. Nywele husukwa kwa zamu, mtoto akiwa amebanwa kati ya magoti ya shangazi, na zamu ya hina huja usiku, baada ya isha, kwa sababu hina hutaka kulaliwa. Majani ya mhina yaliyokaushwa hutwangwa na kuchekechwa mpaka yakawa unga laini, yakakandwa kwa ndimu na maji au chai ya rangi, yakaachwa saa kadhaa yavute. Kwa mkubwa huchorwa maua kwa uangalifu, lakini kwa mtoto mdogo asiyeweza kutulia njia nyepesi ni kumwekea donge katikati ya kiganja, kuzivika ncha za vidole, kisha kuufunga mkono kwa kitambaa na kumlaza. Asubuhi kitambaa hufunguliwa, hina kavu hukwanguliwa, na kiganja hutoka chekundu.

Jambo moja katika mapambo haya linastahili kusemwa kwa uzito. Piko, ile rangi nyeusi ambayo wapambaji huitumia kuzungushia maua ya hina, siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa dawa ya kutia nywele rangi, na dawa hiyo ina kemikali inayoweza kuibabua ngozi, kuitoa malengelenge na kuiachia makovu, tena mtu aliyedhurika nayo utotoni huweza kudhurika kila atakapokutana nayo ukubwani. Mtoto mdogo hana haja ya piko. Hina ya majani yenyewe inamtosha, na bibi anayekataa mjukuu wake asiguswe na chupa ile nyeusi, hata binamu wengine wakiwa wamekwishapambwa, anastahili kuungwa mkono na mama wa mtoto badala ya kuitwa mtu wa zamani.

Jikoni ndiko kwenye kiini cha siku. Kanuni inayoshikwa sana Makunduchi ni kuwa siku ya Mwaka haifai mtu kula peke yake, na nyumba isiyopata mgeni huona imepungukiwa, kwa hiyo chakula hupikwa kwa makisio ya watu ambao hawajajulikana: pilau, wali wa nazi, mchuzi wa samaki au pweza, mikate ya kumimina. Mabinti wadogo hupewa mchele wa kuchagua, wakauzunguka ungo kwa vichwa vilivyoinama wakitoa vijiwe na chuya. Aliye mkubwa kidogo hukalia mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, akakuna nazi huku akionywa asikifikie kifuu, maana tui litachafuka. Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwa maji machache ikatoa tui la kwanza zito, ikaongezwa maji ikatoa la pili jepesi, na mtoto hujua bila ya kufundishwa darasani kuwa jepesi ndilo linalotangulia chunguni na zito ndilo linalomalizia. Chakula kikiiva, yeye ndiye mjumbe: hutumwa kwa jirani na sahani iliyofunikwa, hutumwa mlangoni kumwita mpita njia, na hufundishwa kusema karibu kwa sauti inayosikika na kwa macho yasiyokimbia.

Hapo ndipo Mwaka unapotofautiana na sikukuu nyingine kubwa ya mtoto wa Zanzibar. Siku za Idi mtoto huvaa, huzunguka kwa jamaa kuomba sikukuu, yaani vijisenti anavyopewa kila anaposalimia, kisha hupelekwa viwanjani, kama vile Mnazi Mmoja mjini, akavitumia kwa pembea, aiskrimu na vitu vya kuchezea. Idi humfanya mtoto kuwa mpokeaji, na ni haki yake. Mwaka humfanya mwenyeji, na mtoto aliyewahi kumkaribisha mtu mzima asiyemjua, akamwona anakaa, anakula na anashukuru, hupata hadhi ambayo hakuna senti inayomnunulia. Mwaka 2021 Idd-el-Hajj iliangukia karibu na tarehe 20 Julai, na nyumba zilizosherehekea yote mawili katika mwezi mmoja ziliwapa mabinti wao fursa ya kuonja hali zote mbili kwa kufuatana.

Uwanjani mabinti wadogo huwa pembeni na mama zao. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa upande wa kusini wa mji hupigana kwa mapande ya migomba ili kutoa vinyongo vya mwaka mzima, na wakishamaliza hawatakiwi kubaki na uhasama; kisha kibanda cha makuti huwashwa moto wakiwemo watu ndani, ambao hukimbia kutoka, na wazee huutazama moshi unakoelekea wakapata bishara ya mwaka unaoingia. Kwa mtoto wa miaka 5 haya yote ni vumbi, migongo ya watu wazima na kishindo, na wengi hulia. Kinachowabakia ni nyimbo. Wanawake huuzunguka uwanja kwa makundi, wamevaa vizuri kuliko siku nyingine yoyote, wakiimba juu ya mapenzi, ukewenza, uchoyo na mambo ya mtaani, mengine kwa mafumbo na mengine kwa uwazi ambao siku za kawaida usingevumilika. Mabinti hufuata nyuma wakiitikia maneno wasiyoyaelewa. Wapo wazazi wanaoliona hilo kuwa ni kosa, na hoja yao si ndogo, ila wenyeji hujibu kuwa fumbo humngoja mtoto akue, na kwamba kuyafafanua ni kazi ya somo, yaani mwanamke mzima anayekabidhiwa kumfunda msichana anapobalehe.

Si kila kitu katika mgawanyo huu ni cha kusifiwa. Kaka wa binti, mwenye umri sawa na wake au aliyemzidi, huachiwa siku nzima akimbie uwanjani, wakati binti hukumbukwa kila sahani inapohitaji kuoshwa, na katika nyumba nyingine binti wa miaka 10 hufika uwanjani kibanda kikiwa kimekwisha kuwa majivu. Kumfunza kazi kwa upendo ni kumrithisha. Kumnyima sherehe aliyoipikia ni kumdhulumu, na kinga yake ni nyepesi, kwani mvulana anayeweza kubeba pande la mgomba anaweza pia kubeba ndoo ya maji na kukuna nazi. Uko pia udhia wa kamera. Julai ni msimu mkubwa wa watalii Zanzibar, na mtoto aliyependezeshwa kwa hina na nguo mpya hupigwa picha na watu ambao hawakumuuliza mama yake, ilhali wageni hao wangeweza kuomba idhini kwa neno moja, na pengine wakakaribishwa wali juu yake.

Mabinti wanaotoka ng'ambo huingia katika mambo haya kwa ugumu na kwa furaha. Wengine husema Kiswahili chenye lafudhi ya Maskati, wengine hukielewa tu wakajibu kwa Kiingereza, na hakuna anayejua kukalia mbuzi. Siku ya kwanza huchekwa kidogo na binamu zao, na kufikia siku ya tatu huwa wamekwisha kupewa ungo. Bibi huwaanzishia ukili kama alivyowaanzishia wengine, wakaondoka na vipande vifupi visivyokamilika ndani ya masanduku, huku bibi akiagiza viendelezwe huko waendako.

Ujio wao, hata hivyo, unategemea hesabu ileile ya Nairuzi. Siku 1 kila miaka 4 ni siku 15 katika miaka 60, na iwapo hesabu itaendelea kushikwa kama ilivyo, binti wa miaka 6 anayepeleka sinia leo, atakapokuwa bibi wa miaka 66, atausherehekea Mwaka mwanzoni mwa Julai. Skuli za Oman hufunga mapema, na wajukuu wa Maskati watakuwa wamekwisha kufika. Skuli nyingi za Uingereza hazifungi mpaka Julai iko ukingoni, na familia za London zitalazimika kuchagua kati ya kuwatoa watoto darasani na kuwakosesha Mwaka, jambo ambalo baadhi ya akina mama wa huko wamekwisha kuanza kulizungumza na ndugu zao wa Makunduchi.