Kifungo Kimoja, Kazi Tatu: Namna ya Kusoma Termometre ya Mutoto

Mama zetu, asubuhi moja mama mumoja alifika mbio kwenye kupima kilo, mutoto mugongoni. Akasema: «Muganga, nisaidie! Joto la mutoto limefika 99!» Tukamushika mutoto: mwili si wa moto, tena ananyonya vizuri. Mama hakusema uongo. Termometre iliandika 99 kweli. Lakini ilikuwa inahesabu kwa namna ya Marekani. Kwa hesabu yetu ni 37,2 tu.

Sababu gani inakuwa hivi? Zamani tulitumia termometre ya kioo yenye zebaki. Zebaki ni sumu, na Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza termometre za namna ile. Sasa tuko na ile ya plastiki, yenye betri. Ni nzuri, haivunjiki upesi. Lakini walioitengeneza waliweka kifungo kimoja tu kwa kazi nyingi: kuwasha, kuzima, na kugeuza hesabu. Ni kama kutumia sufuria moja kwa kupika bugali na kwa kufua nguo. Ukifinya kidogo, inawaka. Ukikawisha kidole, nyingi zinageuka toka C kwenda F, bila kukuambia neno.

Kosa la pili linaleta hatari zaidi. Ukiiwasha, termometre nyingi zinaonyesha kwanza namba ya mara ya mwisho. Mama anapima usiku, anaona 36,8, anasema: «Hana homa», anarudi kulala. Kumbe 36,8 ni ya kaka yake, ya jana! Na mutoto mwenye malaria anaweza kuharibika kwa usiku mumoja.

Basi, mama, fanya hivi:

1. Washa, lakini usisome namba ya kwanza. Ngoja mpaka namba ile iondoke. Nyingi zinaandika L ao Lo, maana yake joto liko chini: sasa iko tayari.

2. Tazama herufi. Tunataka C. Ukiona F, zima. Kwa nyingi, ukifinya tena na kushika kwa sekunde chache, herufi inageuka.

3. Pangusa kwapa la mutoto, weka ncha katikati, bana mukono wake. Ngoja mpaka termometre ilie.

4. Sasa soma. Kwapani, 37,5 ao zaidi ni homa. Kama ni F, homa inaanza 99,5.

Lakini mashine haimujui mutoto kama wewe. Akishindwa kunyonya ao kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, ao akilegea na kukosa kuamuka, mulete mara moja, hata termometre ikiandika 36. Mutoto wa chini ya miezi 2 akiwa na homa, usingoje asubuhi.

Siku ya kupima kilo, leta termometre yako ndani ya kikapu. Tutaifinya pamoja mpaka uizoee. Usione haya. Kukosea hapa si ujinga wako: aliyeitengeneza hakumuwaza mama katika giza, mukono mumoja unashika mutoto anayelia, na mukono wa pili unatafuta kifungo.